Maji Hayajajaa: kisa cha safari yetu ya likizo Italia

Tulipanga kulala Roma Alhamisi usiku. Tuliingia Roma Jumamosi mchana, tukiwa tumepoteza tiketi za treni za watu watano, malipo ya malazi ya siku mbili na nafasi yetu ya kuingia Colosseo, ule uwanja wa kale wa Warumi. Kila ninapokisimulia kisa hiki watu huniambia, "Poleni, treni za Italia ndivyo zilivyo." Nimekifikiria kwa muda mrefu na sikubaliani nao. Sehemu kubwa ya tabu ile tuliibeba wenyewe kutoka nyumbani, ndani ya ratiba. Na kilichotuokoa alikibeba mama yangu kutoka kisiwa cha Mafia.

Tunaishi München, mimi, mke wangu na watoto wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5. Mama alikuwa ametujia kutoka Kilindoni, Mafia, kwa viza ya Schengen iliyotolewa na Ujerumani, na kwa viza hiyo hiyo mtu anaingia Italia bila karatasi nyingine. Juni ilipofika, shule za huku zikafungwa kwa likizo ya Pentekoste. Nikasema Mama hawezi kurudi kisiwani bila kuiona Roma.

Ratiba niliitengeneza mimi, miezi miwili kabla. Treni ya kwanza ingetutoa München kabla ya saa sita mchana, ituvushe Austria na mlima wa Brenner, itufikishe Bologna baada ya saa kumi na mbili jioni. Hapo tungekuwa na dakika 25 za kuhamia treni ya kasi ya kwenda Roma, safari ya saa mbili hivi. Tiketi hizo mbili nilizinunua mbalimbali, kwa wauzaji wawili, kwa sababu zilitoka nafuu. Ya pili ilikuwa ya bei ya chini kabisa, ile isiyobadilishwa wala kurudishiwa fedha. Ijumaa saa tano asubuhi tungeingia Colosseo. Tiketi za pale zina jina la mtu na saa yake ya kuingia. Baada ya hapo kulikuwa na jambo la saa nane, la saa kumi, na chakula cha jioni mahali nilipokwisha kupachagua. Siku nne zote zilijaa hivyo. Nilipomwonyesha Mama karatasi ile aliitazama kwa heshima, akauliza, "Na sisi tutakaa saa ngapi?" Nikadhani anauliza habari ya viti vya treni.

Treni iliondoka vizuri. Tukapita Rosenheim, Kufstein, Innsbruck, kisha ikaanza kupanda. Mama alikaa dirishani akitazama theluji iliyobaki vileleni mwezi wa sita, akisema "Subhanallah" kwa sauti ya chini kila tulipotoka kwenye handaki. Brennero, stesheni ya pale juu Brenner, ndipo mpaka ulipo, mita 1,371 juu ya usawa wa bahari. Hapo umeme wa reli hubadilika: upande wa Austria ni volti 15,000, upande wa Italia volti 3,000, na treni lazima ihame kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Yetu ilisimama, na haikuondoka.

Tangazo la kwanza lilisema tutaondoka baada ya muda mfupi. La pili, dakika ishirini baadaye, likarudia maneno yale yale. La tatu likaongeza kwamba kichwa cha treni kina hitilafu na kwamba abiria tunaombwa kuwa na subira. Kiyoyozi kilikuwa kimezimika, na madirisha ya treni zile hayafunguki. Mtoto mdogo akaanza kuuliza kila dakika kama tumefika. Mimi nikawa nasimama, nakaa, natazama simu, naenda mwisho wa behewa, narudi. Zile dakika 25 za Bologna zilikuwa zimeshakwisha, na bado tulikuwa tunakatwa.

Mama akaniuliza, "Wamesema tunasubiri nini?"

"Treni imeharibika, Mama."

"Hilo nimelisikia. Tunasubiri nini? Fundi? Kichwa kingine? Au watu tushuke tupande nyingine?"

Sikuwa najua. Nilikuwa nimekasirika kwa zaidi ya nusu saa bila kujua nimekasirika nikisubiri kitu gani. Nikaenda kumtafuta kondakta, nikamkuta kwenye mlango wa behewa la tatu, jasho linamtoka kama sisi. Akasema kichwa kingine kinaletwa kutoka bondeni, na hakitafika kabla ya saa nzima kupita. Tunaweza kushuka jukwaani kupunga upepo, na maji ya kunywa yapo kwenye behewa la chakula, tuombe tupewe.

Nilirudi na habari mbaya, lakini sisi watano tukabadilika nayo. Kabla ya hapo tulikuwa tunasubiri "muda mfupi," kitu kisicho na umbo. Sasa tulikuwa tunasubiri kichwa cha treni, kwa saa moja. Mke wangu akachukua simu akapiga Roma, akamweleza mwenye nyumba kwamba tutachelewa na huenda tusifike usiku ule, lakini tunakuja, asiifute nafasi yetu. Simu ile ya dakika tatu ndiyo iliyotunusuru: nyumba nyingi za wageni humhesabu asiyetokea usiku wa kwanza kuwa hatakuja kabisa, zikakiuza chumba. Binti yangu akaenda kuomba maji. Mama akawashusha watoto jukwaani, kwenye hewa ya baridi ya mlimani, akafungua kopo lake.

Lile kopo ni la plastiki, zamani lilikuwa la siagi. Maandishi yamefutika yamebaki madoa mekundu, na kifuniko kimepasuka upande mmoja kikafungwa kwa mpira wa nywele. Ndani yake mlikuwa na visheti alivyovikaanga jikoni kwetu usiku wa kuamkia safari, na korosho alizotoka nazo Mafia. Nilikuwa nimemwambia asijisumbue, kwenye treni wanauza vyakula. Akawapa watoto kisheti kimoja kimoja na kuwaambia kingine kitatoka sindano ndefu ya saa ile ya jukwaani ikifika juu kabisa. Mvulana wangu, ambaye saa hajaweza kuisoma, alikaa akiitazama sindano ile kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake.

Tulifika Bologna zaidi ya saa mbili nyuma ya ratiba. Treni yetu ya Roma ilikuwa imeondoka zamani. Kwenye dirisha la tiketi nikaambiwa kwa upole kwamba tiketi ya pili ni mkataba mwingine, haihusiani na treni iliyochelewa, kwa hiyo imekufa. Kisha dada yule akaniuliza kama najua kwamba mgomo wa reli unaanza saa tatu usiku huo, kwa saa 24.

Sikujua. Na hapa lazima niseme wazi, kwa sababu ndipo watu wanapoilaumu Italia. Migomo ya huduma za umma kule ina sheria yake, Sheria Namba 146 ya mwaka 1990. Mgomo hutangazwa si chini ya siku 10 kabla, na wizara inayohusika na uchukuzi huweka kalenda ya migomo yote mahali ambapo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma. Habari ilikuwa imebandikwa wazi. Mimi nilinunua tiketi, nikafunga daftari, nikaamini kwamba miezi miwili ijayo dunia itabaki nilivyoiacha.

Tukapata vyumba viwili kwenye hoteli ya tatu tuliyoulizia karibu na stesheni, tukalala.

Ijumaa niliamka na nia moja, kufika Roma leo hii. Bado nilikuwa naiona ile saa tano ya Colosseo kama mtu anayeweza kuikimbilia. Tukafika stesheni kama saa tatu na nusu. Ubao ulikuwa umejaa neno moja, CANCELLATO, yaani imefutwa, mstari baada ya mstari. Mabasi ya kwenda Roma yalikuwa yamejaa mpaka jioni. Nikasema tukodi gari, kilomita 380 si nyingi. Mke wangu akanikumbusha viti vya watoto, joto, na kwamba sijawahi kuendesha gari Italia, ambako katikati ya miji mingi kuna maeneo ya magari yenye kibali tu, kamera inakupiga picha na faini inakufuata nyumbani baada ya miezi. Sikumsikiliza. Nikapanga foleni ya dakika arobaini, familia yote ikiwa imesimama nyuma yangu na masanduku.

Nilipofika mbele kijana akaniomba kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana. Nilikuwa na kadi ya kawaida ya benki. Akasema haifai. Nikabishana. Akarudia kwa utaratibu. Nikapaza sauti, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, mbele ya watu, mbele ya mama yangu, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nilipogeuka nilimwona mwanangu amejificha ndani ya kanga ya bibi yake, jicho moja tu linaonekana.

Mama hakunigombeza. Alinishika mkono, kiwikoni, akasema, "Baba, maji hayajajaa. Unasukuma nini?"

Aliyekulia Mafia haelezwi maneno hayo. Asiyekulia huko, ni hivi. Chombo kikipwelewa, yaani maji yakitoka kikabaki juu ya mchanga, wanaume kumi hawakisogezi. Wanaweza kusukuma mpaka mabega yachubuke. Lakini maji hujaa na kupwa, saa sita na dakika kadhaa kila upande, na yakifika kiunoni watoto wawili wanakitoa chombo kile wakicheka. Hata safari ya boti kati ya Kilindoni na Nyamisati, bandari ya upande wa bara, watu wa umri wa mama yangu wameijua kwa maji kabla ya kuijua kwa saa. Abiria hamwulizi nahodha "lini". Anatazama mikoko, anaona maji yamepanda mpaka wapi kwenye mizizi, anajua kama kuna muda wa kula au wa kufunga mzigo.

Maana yake nimeielewa kwa kuchelewa. Nilikuwa nikidhani Mama ana moyo wa kuvumilia, kipaji alichojaliwa yeye na mimi sikujaliwa. Lakini nikirudisha kumbukumbu, sijawahi kumwona akisubiri bila kutazama kitu. Pale Brennero alitaka kujua tunasubiri nini. Watoto aliwapa sindano ya saa waitazame. Kumwambia mtu asubiri bila kumwonyesha maji yamefika wapi ni kumtesa, na ndivyo maofisini wanavyotwambia kila siku tuwe na subira. Hata methali tunaikariri bila kuitazama vizuri. Mvumilivu hula mbivu, sawa. Lakini mwenye mwembe wake hukaa akiukagua, huliminya embe kidogo kwa kidole gumba, hunusa kikonyo. Embe la asiyekagua huliwa na popo.

Tukatoka nje, kwenye uwanja wa mbele ya stesheni, tukakaa kivulini. Mama akatazama saa kubwa iliyo ukutani, juu. "Hii saa mbona haitembei? Tulipoingia ilikuwa hapo hapo." Ilionyesha saa nne na dakika ishirini na tano. Nikasema imeharibika, kama kila kitu siku ile.

Mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa kwenye benchi letu alitusikia tunaisonta, akaniuliza kwa Kijerumani kama tunajua habari yake. Kijerumani chake kilikuwa kizuri. Ujana wake alikuwa mfanyakazi Ujerumani, mmoja wa wale walioitwa baada ya mkataba wa Desemba 1955 baina ya nchi hizo mbili. Alivuka Brenner hiyo hiyo na kushuka München, jukwaa namba 11, ambako Waitaliano wengi wa zama zile walishukia.

Akatueleza. Jumamosi tarehe 2 Agosti 1980, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, bomu lililotegwa kwenye chumba cha kungojea cha daraja la pili lililipuka. Watu 85 walikufa, zaidi ya 200 walijeruhiwa. Ilikuwa mwanzo wa Agosti, Italia nzima inakwenda likizo, na chumba kilijaa watu na mizigo yao wakisubiri treni. Saa ile imeachwa kwenye dakika hiyo kwa ajili yao.

Nilikwenda kukiona chumba kile mimi na mke wangu kwa zamu, watoto tukawaacha na bibi yao. Bado watu wanakaa humo kungojea treni. Ukutani kuna bamba la jiwe lenye majina, na mbele ya kila jina miaka ya mtu. Nilisoma mpaka nikamkuta mwenye miaka 3. Walikuwa wamekaa kama tulivyokaa sisi, wanakwenda baharini, pengine na wao walikuwa wanahesabu dakika. Nilirudi kwenye benchi nikamchukua mwanangu nikampakata, ingawa kulikuwa na joto na yeye hakutaka. Baadaye nilirudi kwa yule kijana wa magari nikamwomba radhi. Akainua mkono, akasema si kitu.

Mzee ndiye aliyetufungua macho pia kuhusu mgomo. Kwa mujibu wa sheria ile ile, siku za kazi treni za mikoani hulindwa kwenye vipindi viwili hata mgomo uwe mkali vipi: saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Cha asubuhi tulikuwa tumelala nacho kitandani. Cha jioni kilikuwa mbele yetu: tungeweza kupanda hadi Prato, tubadili, tufike Firenze usiku. Akamaliza kwa kuinua mabega na kusema, "Pazienza." Mama akaliokota neno lile. Nilipomwambia maana yake, subira, akalirudia mara mbili tatu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Basi tukawa tumeyaona maji. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili jioni siku ilikuwa yetu, na hiyo ndiyo siku pekee ya safari nzima ambayo watoto bado wanaizungumzia.

Kutoka stesheni kwenda katikati ya Bologna unafuata barabara moja iliyonyooka, Via dell'Indipendenza, na karibu njia yote unatembea chini ya paa. Mji ule una takriban kilomita 62 za vibaraza vyenye matao, na mwaka 2021 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jua la Juni lilikuwa linachoma, sisi tuko kivulini na masanduku tumeyarudisha hotelini. Nikamsomea Mama kwamba sheria ya mji ya mwaka 1288 iliagiza vibaraza hivyo viwe na kimo cha kumpitisha mtu aliyepanda farasi, na kwamba mpaka leo kibaraza ni mali ya mwenye nyumba lakini njia ni ya kila mtu. Mama akasimama. "Baraza hizi," akasema, akapapasa nguzo. Kisha akakaa kwenye ukingo wa moja, mlangoni kwa watu asiowajua, kama ambavyo angekaa Mji Mkongwe au kwao Kilindoni, na hakuna aliyemwinua.

Jua lilipinduka saa saba na robo hivi. Alisali chumbani hotelini kwa kukusuru, sala ya msafiri, kisha tukatoka tena hadi Piazza Maggiore. Pale kuna kanisa kubwa la San Petronio, lililoanza kujengwa mwaka 1390. Uso wake nusu ya chini umevikwa marumaru, nusu ya juu ni matofali matupu yenye meno meno, yanayongoja marumaru ambayo hayakuja. Miaka zaidi ya 600. Mama aliutazama ukuta ule kwa muda. "Na hawa wao wanasubiri nini?" Binti yangu akacheka, lakini Mama alikuwa anauliza kweli.

Mimi na binti tukaingia ndani. Sakafuni kuna mstari wa mita 67 hivi uliochorwa na mwanaastronomia Cassini mwaka 1655. Tundu liko juu kwenye dari, na jua likifika utosini duara la mwanga linaangukia mstari ule, mbele au nyuma kwa kadiri ya majira ya mwaka. Nilipomwelezea Mama nje, kwamba humo ndani kuna kipimo cha jua kupinduka, alifurahi kuliko alivyofurahia kitu chochote siku zile nne. Akataka kujua duara lina ukubwa gani, na mwezi wa Ramadhani ujao litaangukia wapi.

Saa kumi na mbili tulikuwa jukwaani na masanduku. Treni ya mkoa ilikuja kweli kama mzee alivyosema, na watu wote wa Bologna waliokwama tangu asubuhi walikuwa pale. Milango ilifunguka, wakaingia mpaka ngazini. Hapa mimi na mke wangu hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana. Yeye aliona tupande: tungekuwa tumeukaribia mji wa Roma, watoto wangelala Firenze. Mama alitazama ngazi za behewa na watu waliosimama juu yake, akauliza tutalala wapi tukifika. Sikuwa na jibu. Vyumba vya Bologna bado vilikuwepo, mgomo ungekwisha saa tatu usiku, na asubuhi treni zingekuwa za kawaida. Nikaamua tubaki. Mke wangu anasema, na ana hoja, kwamba siku ile niliipenda subira mpya kama mtu anavyopenda nguo mpya, na kwamba maji yakishajaa chombo husukumwa. Treni iliondoka bila sisi. Asubuhi tulilipa zaidi ya euro 200 kwa tiketi mpya za watu watano, fedha ambayo kwa kupanda treni ile ya jioni huenda nusu yake ingebaki mfukoni.

Kwa hiyo nikikichambua kisa hiki, kosa la kwanza naliweka miezi miwili kabla ya safari. Dakika 25 za kuunganisha treni, na mlima na mpaka viko katikati, si mpango. Laiti tungelala Bologna kwa hiari Alhamisi ile, hitilafu ya Brennero ingetuchelewesha chakula cha jioni tu. Tiketi mbili za mikataba mbalimbali ziliongeza ugumu: kwa tiketi moja ya safari nzima, anayekosa treni ya pili kwa sababu ya kuchelewa kwa ya kwanza hutafutiwa njia nyingine, kwa mbili, gharama ni yako. Watu hudhani mwenye haraka ni mtu wa tabia fulani. Mimi niliikata haraka yangu kwa tiketi.

Kosa la pili ni kutouliza. Tangu Brennero mpaka kwenye foleni ya magari, kila nilipokasirika nilikuwa sijui jambo ambalo mtu aliye hatua ishirini kutoka kwangu alikuwa analijua: kondakta, dada wa tiketi, mzee wa benchi.

Na kuna mahali ambapo kusubiri kungekuwa ujinga. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinampa abiria wa treni iliyochelewa dakika 60 hadi 119 haki ya kurudishiwa asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 asilimia 50. Ombi lipelekwe ndani ya miezi mitatu. Baadhi ya wenzangu waliniambia niache, yameshapita. Mama aliposikia kuna haki na tarehe ya mwisho alisimama nyuma ya kiti changu mpaka fomu ikajazwa na kutumwa, siku ya pili tu baada ya kurudi München. Ya treni ya Roma haikurudi, wala ya Colosseo. Jengo lenyewe tulilizunguka kwa nje Jumapili asubuhi. Mama akaliona kubwa, akauliza maji ya kunywa yako wapi.

Fidia iliingia yeye akiwa amesharudi Kilindoni. Nilimpigia kumwambia. Upepo ulikuwa mwingi upande wake, nikasikia watoto wa jirani na ng'ombe. Akasema alhamdulillah, akauliza habari za watoto, za mke wangu, akataka kujua kama lile kopo tumelitunza, maana alilisahau. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na ile saa ya pale, bado iko saa nne na dakika ishirini na tano?"

"Bado, Mama."

"Haya," akasema.